Kupanga Safari ya Pwani ya Norfolk kwa Saa za Maji

Norfolk ni kaunti ya mashariki mwa Uingereza, ile sehemu ya nchi inayotuna kuelekea Bahari ya Kaskazini. Ina kilomita za mraba kama 5,400 na watu takriban 900,000. Mji wake mkubwa ni Norwich, na hakuna barabara kuu ya mwendo kasi hata moja inayoingia ndani yake. Ardhi ni ya chini mno: kilima kirefu kuliko vyote, karibu na Sheringham, kinapita mita 100 kidogo tu. Kwa hiyo maji ndiyo yanayotawala. Mgeni anayepanga safari kwa kilomita peke yake hufika Morston akakuta mashua za kwenda kuona sili, wanyama wa baharini wanaonyonyesha, zimelala matopeni. Hufika Wells akaitafuta bahari asiione. Au huegesha gari gatini Blakeney, akaenda kula, akarudi akakuta magurudumu yamo ndani ya maji ya chumvi. Yote hayo yalikuwa yameandikwa kwenye jedwali la maji kujaa na kupwa, na ndiyo maana tunaanza na jedwali.

Maji pia ndiyo yanayoeleza historia. Kila unapofika mahali Norfolk, jiulize: zamani maji yalikuwa wapi? Kanisa kubwa kupita kiasi katikati ya kijiji kidogo, ziwa lenye kingo zilizonyooka, barabara inayoishia hewani juu ya genge, vyote vinajibiwa na swali hilo moja.

Soma maji kabla ya kusoma ramani

Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kutoka kujaa hadi kujaa ni kama saa 12 na dakika 25. Aliyekulia Pemba, Lamu au Jambiani anazijua bamvua (maji makubwa) na maji mafu (maji madogo), na hapa kanuni ni ileile: bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji mafu huja katikati. Tofauti ni ukubwa. Hunstanton, kwenye mdomo wa ghuba ya Wash, maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 6 kwa sababu ghuba inayabana. Ukienda mashariki tofauti hiyo inapungua, hadi Great Yarmouth ambako ni kama mita 2 tu. Saa nazo hazilingani: maji hujaa upande wa Hunstanton kwanza, kisha Cromer, na Great Yarmouth hufuata saa kadhaa baadaye. Jedwali la Hunstanton halifai kutumika Yarmouth.

Kuna jambo ambalo wageni wengi hawaambiwi, nalo linaokoa siku nzima. Kwenye pwani ya kaskazini, bamvua hujaa takriban kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, na tena muda kama huo jioni. Maana yake, siku za bamvua maji hupwa mchana, na fukwe za Holkham na Wells zinakuwa pana kupita macho. Siku za maji mafu ni kinyume: maji hujaa karibu na adhuhuri. Ukitaka kutembea mchangani mchana, chagua bamvua. Ukitaka kupanda mashua mchana, chagua siku zilizo karibu na maji mafu.

Angalia pia saa iliyotumika kwenye jedwali. Majedwali mengine huchapishwa kwa saa ya Greenwich mwaka mzima, ilhali Uingereza husogeza saa mbele kwa saa moja kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Usipoongeza saa hiyo moja, hesabu yako yote ya kiangazi itakuwa na kosa, na saa moja katika mahori ya Norfolk, yaani vijito vinavyojazwa na bahari, ni muda mrefu.

Kukadiria kasi ya maji, gawa tofauti ya kimo kati ya kupwa na kujaa katika sehemu 12. Baada ya kupwa, saa ya kwanza maji hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kama tofauti ni mita 6, saa ya tatu peke yake huleta mita moja na nusu. Kwenye mchanga tambarare hali ni mbaya zaidi kuliko hesabu inavyoonyesha, kwa sababu maji hayaji kutoka mbele tu. Hutangulia kuingia kwenye mahori yaliyo nyuma yako. Mtu aliyesimama juu ya fungu kavu, akitazama mawimbi yaliyo mbali mbele yake, huwa ameshakatiwa njia ya kurudi bila kujua. Ufukweni Wells hupigwa king'ora maji yanapoanza kujaa. Ukikisikia, rudi nchi kavu papo hapo, usimalizie picha.

Brancaster, mifupa ya meli SS Vina huonekana mchangani maji yakipwa. Ilijengwa mwaka 1894, ikatumiwa kama shabaha ya mazoezi ya ndege za kivita, na ikazama mwaka 1944. Usiifuate kwa miguu hata maji yakiwa mbali kiasi gani, maana mkondo ulio kati yake na ufukwe hujaa haraka na una nguvu. Ukikwama popote pwani, piga 999 na uombe walinzi wa pwani, Coastguard.

Kufika na kuzunguka

Kuna milango miwili ya treni. Kutoka London King's Cross unafika King's Lynn kwa muda unaokaribia saa mbili. Kutoka London Liverpool Street unafika Norwich kwa muda kama huo. Kutoka Norwich kuna reli ndogo ya kwenda Cromer na Sheringham, kama saa nzima, na nyingine ya kwenda Great Yarmouth, kama nusu saa na ushei. Kati ya Hunstanton na Sheringham hakuna reli tena. Ya Wells ilifungwa mwaka 1964 na ya Hunstanton mwaka 1969. Hapo unategemea mabasi: Coastliner 36 kutoka King's Lynn kupitia Hunstanton hadi Wells, na Coasthopper kutoka Wells hadi Cromer. Majira ya baridi mabasi hupungua sana, na la mwisho huondoka mapema. Andika saa ya basi la mwisho kabla ya kuondoka chumbani.

Njia ya miguu ya pwani, Norfolk Coast Path, ina kilomita 135 kutoka Hunstanton hadi Hopton-on-Sea. Kipande cha kutoka Hunstanton hadi Cromer ni zaidi kidogo ya kilomita 70 na kinatosha siku nne: lala Burnham Deepdale, Wells, kisha Cley au Blakeney, umalizie Cromer. Ukipenda kulala mahali pamoja tu, mpango mzuri ni kutembea asubuhi ukielekea mashariki, kisha kurudi kwa basi hadi ulikolala. Kwa kutembea hivyo, upepo wa kawaida wa kusini-magharibi unakusukuma mgongoni.

Chukua ramani za Ordnance Survey za kipimo cha 1:25,000: namba 250 kwa magharibi, 251 kwa katikati, 252 kwa mashariki. Simu isikudanganye. Mtandao hukatika vijijini na kwenye vinamasi, basi pakua ramani na jedwali la maji mapema. Vaa viatu vinavyozuia maji na koti la upepo hata Julai. Norfolk haina mvua nyingi kwa viwango vya Uingereza, ila upepo wa kaskazini hauna kitu cha kuuzuia, na bahari yenyewe Februari ni kama nyuzi 6 tu za Selsiasi.

Jifunze pia majina yanavyotamkwa, la sivyo dereva wa basi hatakuelewa. Happisburgh hutamkwa "Heizbra". Wymondham ni "Windam". Cley ni "Klai". Costessey ni "Kosi".

Kutoka Hunstanton hadi Wells

Anza na genge la Hunstanton maji yakiwa yanapwa. Linasomeka kwa tabaka: chini ni jiwe la kahawia lenye chuma, katikati chokaa nyekundu, juu chokaa nyeupe. Nyumba nyingi za mji zimejengwa kwa lile la kahawia. Simama mbali na ukuta wa genge, hasa baada ya mvua au baridi kali, kwa kuwa mapande hung'oka bila onyo. Ingawa uko pwani ya mashariki ya Uingereza, mji huu unatazama magharibi, na jua huzama baharini mbele yako.

Kusini kidogo ya hapo, usiku wa tarehe 31 Januari 1953, dhoruba ilisukuma bahari juu ya kingo. Watu 307 walikufa England, wakiwemo wengi wa pwani hii. Treni ya kwenda King's Lynn iligongana na nyumba iliyokuwa ikielea. Askari wa anga wa Marekani, Reis Leming, ambaye hakujua kuogelea, aliokoa watu 27 kwa kusukuma boti ya mpira ndani ya maji yenye baridi kali. Matuta unayotembea juu yake leo yaliinuliwa na kuimarishwa kwa sababu ya usiku ule.

Holme-next-the-Sea ndipo mwaka 1998 mchanga ulipohama ukafichua duara la magogo 55 ya mwaloni likizunguka kisiki kilichopinduliwa, mizizi juu. Miti hiyo ilikatwa mwaka 2049 kabla ya Kristo. Pete za mbao zilitosha kuutaja mwaka wenyewe. Usihangaike kuitafuta ufukweni, ilishaondolewa. Iko kwenye jumba la makumbusho la Lynn, King's Lynn, hatua chache kutoka stesheni, na ni bora uione kabla ya kupanda basi la Hunstanton.

Burnham Deepdale ingia kanisani. Mnara wake ni wa mviringo, na Norfolk ina minara ya namna hii zaidi ya 120, kuliko kaunti nyingine yoyote. Jiwe la hapa ni gumegume, vipande vidogo vigumu vilivyochimbwa ndani ya chokaa. Jiwe hilo halichongeki pembe, na mawe ya pembe yalibidi yaletwe kwa gharama kutoka mbali. Wengi hulitaja hilo kuwa sababu ya kujenga duara. Ndani kuna birika la ubatizo la enzi ya Wanormani, la mraba, na kila mwezi umechongwa na kazi yake ya shamba. Zunguka polepole umtafute anayepura nafaka, anayechinja nguruwe wa Novemba, na wale waliokaa mezani Desemba. Milango ya makanisa haya kwa kawaida huachwa wazi mchana. Ukiona mlango mdogo wa waya, ufunge nyuma yako. Umewekwa kuzuia ndege waingiao kisha wakakosa njia ya kutoka.

Burnham Thorpe, kijiji cha ndani kidogo, ndiko alikozaliwa Horatio Nelson mwaka 1758. Holkham inahitaji nusu siku. Misonobari unayopita katikati yake ilipandwa karne ya 19 ili kushika vilima vya mchanga. Thomas William Coke, aliyemiliki Holkham hadi alipofariki mwaka 1842, aliueneza mfumo wa mzunguko wa mazao uliobeba jina la Norfolk: ngano, kisha tanipu (zao la mizizi), kisha shayiri, kisha klova (majani ya malisho). Tanipu zililisha mifugo wakati wa baridi, klova ilirudisha rutuba, na shamba halikulazwa bure hata mwaka mmoja. Mashamba makubwa yasiyo na mtu unayoyaona pembeni ya njia yametokana na kilimo hicho.

Gatini Wells, tafuta jengo refu la ghala la nafaka lenye kibanda kilichotokeza juu ya barabara. Kwenye ukuta wake kuna alama za kimo cha maji ya gharika za 1953, 1978 na 2013. Simama kando yake uone maji yangekufika wapi mwilini. Kutoka gatini hadi ufukweni ni zaidi ya kilomita moja na nusu, jambo linalowashangaza wanaodhani bahari iko nyuma ya maduka.

Vinamasi, sili na bandari zilizokufa

Kati ya Wells na Cley unatembea kando ya vinamasi vya chumvi vilivyokatwakatwa na mahori. Usiache njia kukata kona. Hori linaloonekana kama hatua moja lina tope linalofika magotini, na kuta zake hazipandiki zikilowa.

Hapa ndipo panapoota samphire, mmea wa kijani wenye vijiti vinene vyenye chumvi, unaokaa kwenye tope lifikiwalo na maji. Msimu wake ni Juni hadi Agosti. Ukipata ruhusa ya kuvuna, kata ncha kwa mkasi na uache shina. Kung'oa mmea wowote wa porini na mizizi yake bila idhini ya mwenye ardhi ni kosa chini ya sheria ya mwaka 1981. Rahisi zaidi ni kununua. Osha mara tatu maana mchanga hujificha kwenye vifundo, chemsha dakika 2 au 3 bila kutia chumvi hata chembe, paka siagi. Shika kijiti kwa mkono, vuta nyama kwa meno. Ndani kuna uzi mgumu, uache. Ikivunwa Agosti mwishoni uzi huo huwa mnene na mmea hauna raha tena.

Mashua za kwenda Blakeney Point, ulimi wa mchanga na kokoto ulioingia baharini, huondoka Morston takriban saa mbili kabla na baada ya maji kujaa, ndiyo maana ratiba hubadilika kila siku. Weka nafasi kwanza, kisha upange siku nzima kuizunguka saa hiyo. Sili wa kijivu huzaa kati ya Novemba na Januari, na koloni la hapa ni kubwa kuliko yote ya England. Wakati huo mashua ndiyo njia sahihi ya kuwaona. Mama hunyonyesha wiki kama tatu tu, na mtoto akipotezewa siku kadhaa kwa sababu watu wamemtisha mama, anaweza kufa njaa. Ukiwaona Horsey, upande wa mashariki, baki kwenye njia ya vilima vya mchanga, mfunge mbwa, na uwasikilize walinzi wa kujitolea.

Usiegeshe gari gatini Blakeney wala Morston siku za bamvua bila kuangalia kimo cha maji, kwani maeneo hayo hufurika. Gari lililoguswa na maji ya chumvi breki na waya zake huanza kuliwa hata kama injini inawaka.

Blakeney, Cley na Wiveton ziliwahi kuwa bandari za kweli, zikisafirisha nafaka na sufu. Kanisa la Blakeney lina mnara wa pili mwembamba unaodhaniwa kuwa uliwashwa taa kuongoza meli. Kanisa la Cley lina dirisha na kuta za mji tajiri, huku kijiji kikiwa cha barabara moja. Karne ya 17 wenye ardhi walijenga matuta ili kugeuza vinamasi kuwa malisho. Maji yaliyokuwa yakisukuma mchanga kila siku yakakosa nguvu, mahori yakajaa matope, na meli zikaacha kuja. Simama karibu na kanisa la Cley utazame ng'ambo kwenye kanisa la Wiveton: majani yote ya katikati yalikuwa maji. Vinamasi vya Cley vilinunuliwa mwaka 1926 kwa ajili ya ndege, na hapo ndipo ulipoanzia mtindo wa kila kaunti kuwa na shirika lake la kuhifadhi wanyamapori. Njoo Oktoba hadi Februari alfajiri, bata bukini wa kutoka Iceland na Greenland wakipita juu kwa maelfu.

Baada ya Cley, njia hupita juu ya kokoto hadi Weybourne. Hapo punguza matumaini: kila hatua hurudi nyuma kidogo, na mwendo wako utakuwa nusu ya kawaida. Tembea kwenye ukingo wa ndani ambako majani yameshika kokoto. Wanaokosa basi siku ya nne hulikosea hapa.

Cromer na kaa wake

Cromer ina gati la mwaka 1901 lenye ukumbi wa maonyesho, na mwishoni mwake kituo cha mashua ya uokoaji. Henry Blogg, mvuvi wa kaa, alihudumu humo miaka 53 na kushiriki kuokoa watu 873. Alipata medali ya dhahabu ya uokoaji mara tatu. Ana jumba lake la makumbusho ufukweni. Jirani, Northrepps, aliishi Thomas Fowell Buxton, aliyeongoza bungeni mapambano yaliyoleta sheria ya 1833 ya kukomesha utumwa kwenye makoloni ya Uingereza. Sheria hiyo haikuifikia Zanzibar, ambako soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873.

Kaa wa Cromer ni mdogo na mtamu. Anakulia juu ya miamba ya chokaa iliyo chini ya maji karibu na pwani. Msimu ni Machi hadi Oktoba. Wengi hununua aliyekwisha kuandaliwa ndani ya gamba lake, lakini aliyechemshwa mzima ni nafuu na hufundisha zaidi. Chagua mzito kuliko umbo lake. Mtikise karibu na sikio. Ukisikia maji yakicheza ndani, mrudishe. Dume ana kifuniko chembamba tumboni na nyama nyeupe nyingi kwenye magando. Jike ana kifuniko kipana na nyama ya kahawia zaidi.

Mlaze chali. Nyonga magando na miguu hadi itoke. Weka vidole gumba chini ya ukingo wa nyuma, usukume mwili juu mpaka uachane na gamba. Utaona vidole vya kijivu vyenye manyoya vimepangwa pande zote mbili: ni mashavu ya kupumulia, yatoe yote. Havina sumu, ila havifai kinywani. Bonyeza nyuma ya macho, mfuko mdogo wa tumbo utatoka na mdomo, utupe pia. Nyama laini ya kahawia ndani ya gamba kwangua kwa kijiko. Mwili ukate katikati, uchokoe nyeupe kwenye vyumba vyake kwa mpini wa uma. Magando yapige mara moja kwa mgongo wa kisu kizito. Ukipiga mara nyingi vipande vya gamba huchanganyika na nyama, na kuvitoa ni kazi ya saa nzima. Mkate, siagi, limau, pilipili manga, basi.

Pwani inayoliwa

Mashariki ya Cromer magenge ni ya mchanga na udongo mfinyanzi, na bahari huyala. Kijiji cha Shipden kilichokuwa mbele ya Cromer kiko chini ya maji. Mnara wa kanisa la Eccles ulisimama ufukweni peke yake hadi ulipoanguka mwaka 1895. Happisburgh imepoteza nyumba na barabara katika miaka ambayo watu wazima wa leo wanaikumbuka vizuri.

Mmomonyoko huohuo ulifunua kitu kikubwa. Mei 2013, mawimbi yaliondoa mchanga Happisburgh na kuacha wazi nyayo za binadamu wa kale, watu wazima na watoto, kwenye tope la mto wa zamani. Zina zaidi ya miaka 850,000, na zilipotangazwa zilikuwa nyayo kongwe kuliko zote zilizojulikana nje ya Afrika. Za Laetoli, Tanzania, zina miaka milioni 3.6, na zimedumu kwa sababu majivu ya volkano yaligeuka jiwe. Za Happisburgh zilikuwa tope tupu. Wataalamu walizipiga picha na kuzipima huku maji yakizirudia, na kwa wiki mbili hivi zikafutika.

Ukienda, shuka ufukweni saa mbili baada ya maji kuanza kupwa, ujue njia ya kupandia kabla hujaenda mbali, na usikae chini ya genge kula. Ukiona mfupa au jiwe lililochongwa, usichimbe kwenye genge. Piga picha pamoja na kitu cha kuonyesha ukubwa, andika mahali, kisha uwaonyeshe watu wa makumbusho ya Cromer.

Kuendesha boti Broads

Broads ni maziwa na mito ya kusini-mashariki, yenye njia za boti zinazozidi kilomita 190. Kwa muda mrefu yalidhaniwa ni ya asili. Katika miaka ya 1950 mtaalamu wa mimea Joyce Lambert alichunguza udongo akaona kingo zake ni wima: yalikuwa machimbo ya kuni za udongo wa kinamasi, yaliyochimbwa Zama za Kati na kufurika karne ya 14 bahari ilipopanda.

Boti ya kukodi haihitaji leseni. Vaa jaketi la kuokoa maisha na ufuate kasi iliyoandikwa, maili 3 hadi 6 kwa saa, kwa kuwa mawimbi ya boti hubomoa kingo za matete. Kutia gati, geuza omo likabili mkondo, sogea polepole, ushuke kwa hatua, usiruke. Funga kamba ya omo na ya tezi, na karibu na Yarmouth uziache zilegee kiasi. Maji yanaposhuka boti iliyofungwa kwa kubana huning'inia kwa kamba, hulala ubavu, na vyombo vyote humwagika sakafuni. Kuvuka Breydon Water, eneo pana la maji ambako mito hukutana karibu na Yarmouth, subiri maji yaliyosimama, kama saa moja baada ya kupwa kabisa Yarmouth. Ukikosea saa, mkondo utakusukuma kwenye madaraja ukiwa huna udhibiti. Daraja la mawe la Potter Heigham, la karne ya 14, ni la chini mno. Boti za kukodi hupitishwa na rubani wa hapo, na maji yakiwa juu hakuna anayepita.

Miji mitatu

King's Lynn ipe saa tatu: ghala la wafanyabiashara wa Hansa (muungano wa miji ya biashara ya Ulaya kaskazini) la mwaka 1475, la pekee lililobaki England, na jengo la forodha la 1683. Great Yarmouth iliishi kwa samaki aina ya heringi. Mwaka 1913 boti zaidi ya 1,000 zilivua kutoka hapo. Miaka 50 baadaye biashara ilikuwa imekwisha. Jumba la makumbusho la Time and Tide limo ndani ya kiwanda cha zamani cha kukausha samaki, na kuta bado zina harufu ya moshi.

Norwich inastahili siku nzima. Kanisa kuu lilianzwa mwaka 1096 kwa mawe yaliyoletwa kwa maji kutoka Caen, Ufaransa. Mwaka 1549 Robert Kett wa Wymondham aliongoza maelfu ya wakulima waliochoshwa na matajiri kuzungushia ua malisho ya wote. Waliuteka mji, kisha wakashindwa, na Kett akanyongwa kwenye ukuta wa ngome. Mwaka 1565 mji uliwaalika wafumaji wakimbizi kutoka Uholanzi na Ubelgiji za leo. Ndege wa manjano waliokuja nao ndio nembo ya timu ya mpira ya Norwich City.

Kuishi na watu wa huko

Watu wa Norfolk si wa maneno mengi kwa mgeni, ila msalimie kila unayekutana naye njiani. Kupita kimya ndiko kunakoonekana vibaya. Beba sarafu: kando ya barabara za vijijini kuna meza za mayai, viazi na maua zisizo na mwuzaji, na kisanduku cha kutia pesa. Jikoni za baa nyingi hufungwa karibu saa nane mchana na kufunguliwa tena jioni, kwa hiyo usifike saa tisa na njaa.

Kwa safari ya kwanza, chagua wiki ya pili au ya tatu ya Septemba. Wenye likizo wameondoka, bahari bado ina joto lake la mwaka, kaa wapo, na mabasi yangali kwenye ratiba ya kiangazi. Desemba jua huzama kabla ya saa kumi alasiri, hivyo siku ya sili ianze mapema: basi la kwanza, mashua, na kuwa umerudi barabarani kukiwa bado na mwanga.